Kwa Nini Masikio Huuma Ndege Inaposhuka

Tarehe 1 Desemba mwaka 1783, umati mkubwa wa wakazi wa Paris ulijaa katika bustani ya Tuileries na viunga vyake kumtazama mtaalamu wa fizikia, Jacques Charles, akipaa angani kwa puto lililojazwa gesi ya haidrojeni. Alikuwa pamoja na fundi wake, Nicolas-Louis Robert. Baada ya safari ya saa mbili hivi walitua salama katika malisho ya Nesles, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini. Robert akashuka. Charles hakutia mzigo mwingine mahali pake, bali alikata shauri kurudi juu peke yake. Puto, likiwa limepunguziwa uzito wa mtu mzima, lilipaa kwa kasi kubwa, likamfikisha kwenye kimo cha mita 3,000 hivi kwa muda mfupi mno. Huko juu aliliona tena jua, ambalo kwa watu wa chini lilikuwa limekwisha kutua, akalishuhudia likizama mara ya pili siku ile ile. Lakini katikati ya furaha hiyo alishikwa na maumivu makali ya sikio la kulia na ya taya. Alifungua vali ya gesi, akateremka. Aliishi miaka mingine 39, wala hakupanda puto tena.

Mwanafunzi wa sekondari analijua jina la Charles kwa sababu nyingine: ndiye mwenye kanuni isemayo kwamba gesi ikipashwa joto hutanuka, na ikipozwa hunywea. Yeye mwenyewe alidhani kwamba sikio lake liliuma kwa sababu ya baridi ya huko juu, na pia kwa sababu ya kutanuka kwa hewa mwilini. Katika sababu hizo mbili, ya pili ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli, ila kanuni inayohusika si ya Charles. Ni ile ya Robert Boyle, iliyotangazwa mwaka 1662: katika halijoto isiyobadilika, ujazo wa gesi huongezeka kadiri kanieneo inavyopungua, na hupungua kadiri kanieneo inavyoongezeka. Kila abiria wa ndege hubeba kichwani mwake vyombo kadhaa vya kuthibitisha kanuni hiyo, apende asipende.

Hewa ina uzito. Mtu aliyesimama pwani amebeba juu yake mrundikano wote wa hewa tangu usawa wa bahari hadi ukingo wa anga, na kanieneo yake hutosha kuinua zebaki milimita 760 katika kipimahewa. Anayepanda mlima huacha sehemu ya hewa hiyo chini yake. Karibu na usawa wa bahari, kila akipanda mita 11 kanieneo hupungua kwa milimita moja ya zebaki. Mjini Nairobi, penye kimo cha mita 1,600 na ushei, kipimahewa husoma milimita 625 hivi. Katika kimo cha mita 11,000, zinakosafiri ndege kubwa, kanieneo haizidi milimita 170, na mtu asiyekingwa angezirai huko baada ya muda usiofika dakika moja au mbili.

Kwa jaribio la shule hapahitajiki ndege. Mwanafunzi atokaye Lushoto kwenda Tanga na achukue chupa ya plastiki iliyo tupu, aifunge barabara kizibo chake akiwa Lushoto, kisha aitie mfukoni bila kuifungua. Atakapofika Tanga ataikuta imebonyea mbavu. Lushoto ipo kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, ambako kanieneo ni milimita 640 za zebaki. Tanga ni 760. Tukiliacha kando joto la pwani, ambalo kwa kanuni ya Charles huitanua hewa kidogo, lita moja iliyofungwa huko mlimani imebaki mililita 842 tu. Nafasi iliyopotea ndiyo iliyobonyea. Abiria wa basi hilohilo, lishukapo zile kona za kuelekea Mombo, huyasikia masikio yake yakiziba, kisha yakifunguka kwa mlio mdogo anapomeza mate. Mambo ni yaleyale kwa wanaoteremka mlima Kitonga kutoka Iringa. Chupa na sikio vimepatwa na jambo moja. Tofauti ni kwamba chupa haina mlango.

Sikio lina mlango, na habari yote ya maumivu ya safarini ni habari ya mlango huo. Nyuma ya tundu la sikio kuna kiwambo, ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma, yenye upana wa milimita tisa au kumi na unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo kiitwacho sikio la kati, ambamo vifupa vitatu hupokezana mitikisiko ya sauti. Chumba hicho kimejaa hewa. Ili kiwambo kitikisike kwa uhuru, hewa ya ndani lazima iwe na kanieneo sawa na ya nje. Na kwa kuwa hewa iliyofungiwa mwilini hunyonywa polepole na damu, chumba hicho kisingekuwa na njia ya kupata hewa mpya kingekauka kama kisima hata kwa mtu asiyetoka nyumbani kwake maisha yote.

Njia hiyo ni mrija wenye urefu wa sentimita tatu na nusu, utokao katika sikio la kati na kufunguka nyuma ya pua, juu ya kaakaa. Mtaliani Bartolomeo Eustachi aliueleza kwa usahihi katika karne ya 16, na mpaka leo huitwa mrija wa Eustachi. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mrija huo hukaa wazi wakati wote. Mwingereza Joseph Toynbee, aliyepasua na kuchunguza maelfu ya masikio ya maiti mjini London, ndiye aliyeonyesha mnamo mwaka 1853 kwamba kwa kawaida umefumba, kuta zake laini zikiwa zimegusana, na kwamba hufunguliwa kwa nukta moja tu na misuli ya kaakaa mtu anapomeza. Naye aliijaribu hoja yake kwa njia ambayo kila msomaji anaweza kuirudia sasa hivi: kubana pua na kumeza mate. Masikio yote mawili huhisi mvuto mara moja.

Sasa ndege inapopaa, kanieneo katika chumba cha abiria hupungua, na hewa iliyomo katika sikio la kati hutanuka. Hutafuta njia ya kutoka. Tofauti ikifika milimita 15 za zebaki hivi, hewa hiyo huusukuma mrija wenyewe kwa nguvu, ukafunguka, pumzi kidogo ikatoka, na mlio mdogo ukasikika. Hapo kazi imekwisha, hata kwa aliyelala usingizi. Ndiyo sababu ni nadra mtu kuumwa masikio ndege inapopanda. Charles aliumwa kwa sababu puto lake lilipaa kwa haraka isiyo ya kawaida.

Kushuka ni jambo jingine kabisa. Kanieneo ya nje inaongezeka, hewa ya ndani inanywea, kiwambo kinavutwa kuingia ndani. Safari hii hewa inatakiwa kuingia katika mrija kwa upande wa koo, na huko mrija una kuta laini zisizo na mfupa wa kuzishika. Kanieneo ileile ambayo ingepasa kuingia ndiyo inayozigandamiza kuta hizo zifumbe zaidi. Mfano wake ni vali ya tairi la baiskeli, ambayo huruhusu hewa upande mmja na kuikataa upande wa pili. Vali ya sikio huiruhusu kutoka, na huikataa kuingia. Haifunguki yenyewe. Sharti ifunguliwe na misuli, na misuli hiyo ina kikomo cha nguvu zake.

Kikomo hicho kilipimwa. Mwaka 1937 watafiti wawili wa jeshi la Marekani, Harry Armstrong na J. W. Heim, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya masikio ya watu waliopandishwa na kushushwa katika vyumba vya chuma ambavyo kanieneo yake ingeweza kubadilishwa. Tofauti ya milimita 15 au 20 humfanya mtu asikie kwa uzito, kana kwamba ameziba masikio kwa pamba. Ikifika 60 hivi, maumivu ni dhahiri. Ikifika 80 au 90, mrija hujifunga kwa kani kubwa kuliko ile ya misuli ya kaakaa, na hapo hata mtu akimeza mara mia hapati kitu. Tofauti ikizidi kukua, mishipa midogo ya damu ya sikio la kati hupasuka, maji na damu hujaa mahali pa hewa iliyokosekana, na pengine kiwambo chenyewe hutoboka. Kwa milimita 80 za zebaki, kiwambo chenye eneo la milimita 60 za mraba husukumwa kwa kani ya nyutoni 0.64, sawa na uzito wa yai kubwa la kuku. Mtu na afikiri juu ya yai linaloning'inia kwenye ngozi nyembamba kama karatasi ya daftari.

Kwa bahati njema, ndege kubwa haiwaachi abiria wake katika kanieneo ya mita 11,000. Hewa husukumwa ndani ya chumba kwa mashine, na hutolewa polepole kupitia vali iliyo nyuma ya ndege, ili kanieneo ya ndani isiwe chini ya ile ya mlima wenye kimo cha mita 2,400, yaani milimita 567 hivi za zebaki. Ndege za aina mpya zaidi, kama vile Boeing 787, huweka chumba kwenye kimo cha mita 1,800. Kwa nini chumba hakiwekwi katika kanieneo ya pwani moja kwa moja? Kwa sababu kadiri tofauti ya ndani na nje inavyokuwa kubwa, ndivyo mwili wa ndege unavyotakiwa kuwa mnene na mzito, na uzito ni mafuta. Sikio la abiria hulipa sehemu ndogo ya gharama hiyo.

Hapo ndipo yanapopata maelezo mambo ambayo wasafiri wa Afrika Mashariki huyaona bila kujua sababu yake. Abiria atokaye ng'ambo kwa ndege yenye chumba cha mita 2,400 na kutua Dar es Salaam, masikio yake hupitia badiliko la milimita 193 za zebaki, zaidi ya mara mbili ya kile kikomo cha Armstrong na Heim. Mwenzake anayetua Nairobi hupitia milimita 58 tu, maana uwanja wenyewe upo juu. Na anayetua Addis Ababa, penye uwanja wa mita 2,330 na kitu, hupitia milimita tano hivi. Sikio lake halina habari kwamba ndege imeshuka. Vivyo hivyo, anayesafiri kati ya Nairobi na Mombasa huona kwamba masikio humuuma akienda pwani, wala hayamuumi akirudi. Safari ni ileile, na huenda rubani ni yuleyule. Lakini hata kama chumba kingebaki kwenye kimo cha Nairobi toka kuruka mpaka kuanza kushuka, bado milimita 135 zinamngoja huko chini. Watu wengi wamemlaumu rubani wa kuteremka Mombasa kwa kosa lililo la jiografia.

Ndege ndogo ziendazo mbugani au visiwani nyingi hazina mashine hiyo ya kushindilia hewa. Humo sikio hukutana na anga ilivyo. Nafuu yake ni kwamba haziendi juu sana. Ubaya wake ni kwamba hushuka pengine kwa haraka, hasa zinapotua katika viwanja vifupi.

Katika ndege kubwa chumba hushushwa kwa kiasi cha mita 90 hivi kwa dakika, ambayo ni ongezeko la milimita saba au nane za zebaki kila dakika. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: ikiwa abiria hamezi hata mara moja, baada ya dakika ngapi mrija wake utajifunga? Jibu ni kati ya dakika kumi na dakika kumi na mbili. Mtu aliye macho humeza mate mara nyingi zaidi ya hapo bila kujijua, hivyo husawazisha kidogokidogo. Aliyelala humeza mara chache sana. Abiria anayelala fofofo wakati ndege inaanza kushuka, akaamshwa na maumivu karibu na ardhi, amekwisha kuvuka kikomo usingizini. Ushauri wa kwanza basi, ambao ni rahisi kuliko yote na ambao husahauliwa kuliko yote, ni kuwa macho tangu ndege inapoanza kushuka, wala si inapokaribia kutua. Katika safari ndefu kipindi hicho huanza karibu nusu saa kabla ya magurudumu kugusa ardhi.

Sikio si pango pekee la hewa kichwani. Katika mifupa ya uso kuna mapango mengine yaitwayo sinasi: mawili katika paji juu ya macho, mawili makubwa katika mashavu, na mengine madogo kati ya macho na nyuma yake. Kila moja lina tundu dogo linaloelekea puani. Matundu hayo hayana misuli, wala hayahitaji. Kwa mtu mzima wa afya hewa huingia na kutoka bila kizuizi, naye hajui kama ana sinasi. Mafua yanapomshika, utando wa ndani ya pua huvimba, kamasi huwa nzito, na tundu la upana wa unyasi huzibika. Ndege ikishuka, hewa ya sinasi hunywea, na kwa kuwa hakuna kinachoingia, utando huvutwa kutoka kwenye mfupa na mishipa yake huvuja damu. Maumivu ya paji huja ghafla, kama kuchomwa kwa msumari juu ya jicho, na mara nyingine damu kidogo hutoka puani baada ya kutua. Sinasi za mashavu zikihusika, mtu huhisi maumivu katika meno ya juu, kwa sababu mizizi ya magego imekaribiana sana na sakafu ya pango hilo. Yupo anayekwenda kwa daktari wa meno kung'oa gego zima lisilo na hatia yoyote. Kwa sinasi, kumeza na kupiga miayo hakusaidii kitu; kinachosaidia ni kutibu uvimbe wa pua kabla ya safari, au kuiahirisha safari.

Turudi kwenye sikio, ambalo lina dawa zake. Kumeza ndiko kwa kwanza. Peremende, ubani wa kutafuna, funda za maji, vyote vina kazi moja tu: kuleta mate na kumfanya mtu ameze. Kupiga miayo kwa kinywa kilicho wazi sana hufungua mrija vizuri zaidi kuliko kumeza. Yasipotosha hayo, kuna njia ya Toynbee iliyokwisha kutajwa, ya kubana pua na kumeza. Ikirudiwa mara kadhaa huwasaidia baadhi ya watu.

Njia inayojulikana zaidi imetokana na Mtaliani mwingine, Antonio Maria Valsalva wa Bologna, aliyeieleza katika kitabu chake juu ya sikio mwaka 1704. Yeye hakufikiria safari za angani. Aliwafundisha wagonjwa wenye kiwambo kilichotoboka wasukume usaha utoke nje. Namna yake ni hii: kufumba kinywa, kubana matundu ya pua kwa vidole, kisha kupuliza polepole kana kwamba mtu anapenga kamasi, mpaka masikio yafunguke. Neno la kuangaliwa hapo ni "polepole". Anayepuliza kwa nguvu zote, tena kwa muda mrefu, huongeza kanieneo katika kifua na katika kichwa, na anaweza kuumiza sikio la ndani, lenye viungo vya kusikia na vya mizani ya mwili, ambavyo vikiharibika havirudi kwa wepesi. Mwenye kamasi za maambukizo naye anaweza kuzisukuma ziingie sikioni. Tena njia hii hufaa ikitumiwa mapema na mara kwa mara, kabla ya tofauti kuwa kubwa. Aliyekwisha kuvuka kikomo huenda akapuliza bure.

Mjerumani Hermann Frenzel, aliyewashughulikia marubani wa kijeshi, alitoa mnamo mwaka 1938 njia iliyo na adabu zaidi kwa kifua. Mtu hubana pua, hufunga koo kama anayejitayarisha kuinua mzigo, kisha husukuma ulimi juu na nyuma kama anayetaka kutamka "k". Hewa iliyo nyuma ya pua pekee ndiyo inayosukumwa. Haiongezi kanieneo kifuani, na rubani anaweza kuifanya huku akiendelea na kazi. Wapiga mbizi nao huitumia, maana majini mambo ni makali zaidi: mita kumi tu za kina huongeza kanieneo ya anga nzima.

Ni vema kueleza hapa yaliyompata Toynbee, kwa kuwa yanaonyesha jinsi mrija huu mdogo ulivyo njia halisi na si mfano wa kitabuni tu. Tarehe 7 Julai mwaka 1866 alikutwa amefariki katika chumba chake cha kazi. Alikuwa akijijaribia dawa ya mlio wa masikioni: huvuta pumzi ya mvuke wa klorofomu na asidi ya haidrosiani, kisha hubana pua na kupuliza ili mvuke huo uingie katika sikio la kati. Saa yake ilikuwa wazi karibu naye pamoja na karatasi za maelezo. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Watoto wachanga ndio wanaoteseka zaidi, na wao hawawezi kuelezwa. Mrija wa mtoto ni mfupi, mwembamba, na umelala karibu sawa na ardhi, ilhali wa mtu mzima umeinama. Tena misuli yake haijakomaa, na mafua huwa hayamwachi. Mama anayenyonyesha anayo dawa bora kuliko zote zilizomo ndani ya ndege. Amwamshe mtoto ndege ianzapo kushuka na ampe titi, akiwa amemweka wima kidogo. Anayetumia chupa afanye vivyo hivyo. Kosa la kawaida ni kumnyonyesha ndege inaporuka ili anyamaze, kisha akalala shibe yake wakati wa kushuka, ambapo ndipo hasa angepaswa kunyonya. Akilia, abiria wa jirani na wavumilie: kilio nacho husaidia kufungua mrija. Watoto wakubwa kidogo wanaweza kupewa kinywaji chenye mrija wa kunyonyea, au kufundishwa nyumbani kabla ya safari kupuliza puto dogo kwa pua moja huku nyingine imebanwa. Wazo la kupeleka hewa sikioni kwa namna kama hiyo ni la zamani; Adam Politzer wa Vienna alilitangaza mwaka 1863 akitumia mfuko wa mpira.

Pamba sikioni haina faida, kwani kanieneo hupenya pamba bila shida, na hata kama isingepenya, upungufu upo nyuma ya kiwambo na si mbele yake. Bilauri zilizotiwa kitambaa cha maji ya moto, ambazo wasafiri wengine huziweka masikioni, hazifungui mrija, na zimewahi kuwachoma watu kwa maji.

Dawa za kupunguza uvimbe wa pua zina nafasi yake. Vidonge vya sudoefedrini, vikimezwa nusu saa kabla ya kuruka, vimeonekana katika majaribio kupunguza maumivu kwa watu wazima waliozoea kuumwa. Kwa watoto wadogo havikuonyesha faida hiyo. Dawa hiyo hupandisha shinikizo la damu na kuhangaisha moyo, hivyo mwenye maradhi hayo, na mama mjamzito, asiitumie bila kumwuliza daktari. Matone ya puani hutiwa karibu na mwanzo wa kushuka, si ndege inapokwisha kutua. Nayo yakitumiwa kwa siku nyingi mfululizo huifanya pua ivimbe zaidi ya mwanzo.

Mwenye mafua makali, au maumivu ya sikio, au homa ya sinasi, angefanya vema kungoja siku chache. Ushauri huu ni mgumu kwa aliyekwisha kulipa nauli, lakini kwa marubani si ushauri bali ni kanuni ya kazi: rubani mwenye mafua haruki. Kwao hatari si maumivu peke yake. Sikio moja likisawazika kabla ya jingine, viungo vya mizani vya pande mbili hupeleka ubongoni habari zinazopingana, na mtu akaona dunia inamzunguka. Abiria atashika kiti; rubani anayetafuta njia ya kutua ana vitu vingine vya kushika. Kwa upande mwingine, mtoto aliyewekewa na daktari kijineli katika kiwambo kwa ajili ya maji ya sikio husafiri kwa raha, maana hewa hupita kwa mlango wa mbele.

Baada ya kutua, sikio lililobaki limeziba huwa tayari kufunguka lenyewe kwa saa chache, pengine siku chache, mtu akiendelea kumeza na kupuliza taratibu. Asiende kupiga mbizi wala kupanda ndege nyingine kabla halijafunguka. Ikiwa damu au maji yanatoka, usikivu umepungua sana, kizunguzungu hakiishi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, hospitali isingoje wiki ijayo. Kiwambo kilichotoboka kwa safari ya ndege kwa kawaida hujifunga chenyewe katika wiki kadhaa, mradi sikio liwe kavu. Kwa sababu hiyo mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo dawa ya kwanza ya kila sikio linalouma, yasitiwe kabisa katika sikio lililotoka safarini likiuma. Kama kiwambo kimetoboka, yatapita tundu hilo hadi katika chumba cha ndani, pamoja na vijidudu vyote yatakavyovikuta njiani.